Insha nilipata 38 kwa 40, mbona hadithi zangu zinarudi?

Mwalimu, salamu nyingi kutoka Umoja, Nairobi.

Nina miaka 27. Kazi yangu ni kukaa kwenye kibanda cha M-Pesa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku, Jumapili nusu siku. Kibanda si changu, ni cha binamu yangu, mimi nimeajiriwa tu. Wateja wakipungua, hasa kati ya saa nane na saa kumi, natoa daftari langu na kuandika hadithi. Nina kumi na moja zilizokamilika.

Tangu shule ya msingi nimekuwa nikiambiwa mimi ni mwandishi. Katika mtihani wa mwigo wa darasa la nane nilipata 38 kwa 40 kwenye insha. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, na wa darasa la saba wakaitwa waje wasikilize. Sijaisahau siku hiyo. Kwa hivyo mwaka jana nilipoanza kutuma hadithi zangu sikuwa na wasiwasi wowote. Nimetuma tatu. Ya kwanza sikujibiwa. Ya pili nilijibiwa kwa mistari miwili: lugha yako ni nzuri, ila hatukuiona hadithi. Ya tatu niliipeleka kwenye shindano, na hata katika ishirini bora sikuwemo.

Nikadhani labda nimekosa mafunzo. Nikamlipa mtu anayefundisha uandishi kwenye WhatsApp shilingi 4,500 kwa majuma manne. Tulipewa orodha ya misemo ya kupamba hadithi, kurasa kumi na mbili, na cheti.

Swali langu ni hili: "hatukuiona hadithi" maana yake nini? Hadithi ipo! Ina mwanzo, kati na mwisho. Huu hapa mwanzo wa ile ya tatu, uone mwenyewe:

"Ilikuwa siku ya Ijumaa. Jua lilikuwa limechomoza mashariki na miale yake ya dhahabu ilikuwa ikibusu paa za nyumba. Ndege waliimba nyimbo tamu kana kwamba walikuwa wakimsifu Maulana. Nilirauka alfajiri na mapema kabla ya majogoo kuwika. Nilijikurupusha kitandani hobelahobela, nikatia kitu tumboni, kisha guu mosi guu pili nikashika njia kuelekea kazini. Laiti ningalijua yaliyokuwa yakinisubiri!"

Hadithi yenyewe inamhusu msichana aitwaye Tumaini. Rafiki yake Hila anamshawishi aingie katika biashara ya pesa za haraka. Anatapeliwa karo yote, anafukuzwa nyumbani, na mwishowe anajuta akikumbuka maneno ya mamake kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Pia, je, niandike kwa Kiingereza? Rafiki yangu anasema tuzo zote ziko huko. Na wahusika wangu waongee Sheng au Kiswahili sanifu?

Samahani kwa barua ndefu. Ningekuandikia mapema, ila kazi hii haikupi nafasi ya kufikiri. Kama Jumanne, mama mmoja alikuja na simu kutoa 3,000. Jina lililoingia kwangu lilikuwa la mwanamume, na kitambulisho ni cha mama. Nikamwuliza mwenye simu yuko wapi. Akasema, "Amelala." Nikampa pesa ingawa hairuhusiwi, na siku mbili hizi kichwa changu hakijatulia, hata hadithi mpya niliyokuwa nimeanza nimeiacha.

Nishauri, Mwalimu. Au niachane tu na haya mambo?

Wakala, Umoja


Binti yangu Wakala,

Kwanza nikiri jambo. Kabla ya kuiweka chaki chini nilifundisha Kiswahili miaka mingi, na kila mwisho wa mwaka nilikuwa miongoni mwa walimu waliofungiwa mahali kusahihisha insha za kidato cha nne. Ngazi zile nilizijua kama majina ya wanangu: D ni alama 1 hadi 5, C 6 hadi 10, B 11 hadi 15, A 16 hadi 20. Mbele yangu rundo la karatasi, nyuma yangu kiongozi wa kundi anauliza nimefika wapi. Ukishasoma insha ya mia mbili, macho hutafuta kitu cha kushika, na kitu chepesi cha kushika ni msemo. "Hobelahobela", tiki. "Guu mosi guu pili", tiki. Kuna mtoto mmoja aliyeandika kwamba babake alikuwa akirudi usiku anavua viatu nje ya mlango, anaingia navyo mkononi, ili wasijue amerudi saa ngapi. Hakuwa na msemo hata mmoja. Nilimpa 11 nikageuza ukurasa. Hao wengine wote, wenye tiki zao, nimewasahau. Huyo wa viatu ninaye mpaka leo.

Kwa hivyo ukiuliza ni nani aliyekufikisha hapo, mimi ni mmoja wao. Tulikufundisha kumwandikia mtahini, na ulijifunza vizuri kupita kiasi. Mtahini ni msomaji wa ajabu sana: analipwa ili akusome hadi nukta ya mwisho. Huyu unayemwandikia sasa hakulipwa. Ameketi kwenye matatu, simu mkononi, na ukimchosha kidogo tu anahamia kwenye video ya mtu anayepika chapati.

Hao waliokuandikia mistari miwili hawakukutukana. Kwa kawaida mhariri hakwambii kitu, kama ulivyoona kwa ile ya kwanza. Wao walikwambia ukweli, ila kwa ufupi mno. Acha niurefushe.

Unakumbuka swali la methali? "Andika kisa kitakachodhihirisha maana ya methali: Mchelea mwana kulia hulia yeye." Mwongozo wetu wa kusahihisha ulikuwa mkali hapo: lazima pande zote mbili za methali zionekane. Mtoto adekezwe, kisha mzazi alie. Ukionyesha upande mmoja, umepungukiwa. Hebu fikiria tunachomfunza mtoto hapo. Tunamwambia kwamba kisa kinaanza na mwisho wake ukiwa umeshapigwa mhuri, na wahusika ni wa kusukumwa tu mpaka wafike kwenye methali. Hadithi yako ya Tumaini ni hiyo kabisa. Upande wa kwanza, haambiliki. Upande wa pili, guu limevunjika. Na ulipomwita yule rafiki Hila, ulimaliza hadithi kabla hujaianza, maana hakuna msomaji wa Kiswahili atakayekutana na mtu anayeitwa Hila akangoja kuona kama ni mwaminifu. Sisemi majina ya majazi, yale yanayotangaza tabia ya mhusika, ni haramu. Yana kazi yake, hasa kwenye tamthilia na kejeli. Hapa yamekuibia taharuki yote.

Tazama pia kwamba Tumaini hafanyi chochote. Anashawishiwa, anatapeliwa, anafukuzwa, anajuta. Vitenzi vitatu vya kwanza vyote ni vya kutendwa, na hicho cha nne ni cha kulia. Mkalishe chini umuulize: karo hiyo alipewa na nani, noti au kwa simu? Alipoitoa mara ya kwanza alijiambia nini ili mkono usitetemeke? Na huyo Hila, je, naye ameshapoteza zake, anamleta Tumaini ili zirudi? Biashara hizo za pesa za haraka zinaendeshwa hivyo hasa. Anayekuingiza mara nyingi ni mtu anayezama, na anakupenda. Ukiandika hivyo utahitaji kumbatiza jina jingine, na methali haitatosha tena.

Sasa mwanzo wako. Nimeusoma kwa kalamu mkononi, mazoea hayafi. Jua limechomoza, miale inabusu paa. Sentensi mbili baadaye umerauka kabla ya majogoo kuwika. Ni saa ngapi hasa? Hukuona kwamba zinagongana kwa sababu hukuwa unaitazama asubuhi yoyote, ulikuwa unapanga misemo kama vyombo kabatini. Halafu hao ndege. Umoja ninayoijua mimi inaamshwa na makanga anayegonga ubavu wa gari na muuza maji anayeburuta mkokoteni, na ukipita Mutindwa asubuhi unanusa sukuma wiki iliyokatwakatwa na mafuta ya maandazi kabla hujaona jua lolote. Pengine ndege wapo. Basi niambie ni ndege gani, na wametua kwenye nyaya za nani.

"Nikatia kitu tumboni." Kitu gani? Chai ya rangi na kipande cha mkate wa jana ni mtu mmoja. Wali wa jana uliokaangwa upya ni mtu mwingine. Msemo huo uliutumia kunificha kitu ambacho kingenifanya nikufahamu. Na "laiti ningalijua" ni ahadi kwamba mambo yatanoga baadaye. Msomaji wa kwenye matatu hangoji baadaye.

Mwaka 1842 Mmarekani Edgar Allan Poe alikuwa akiandika uhakiki wa kitabu cha visa vya mwenzake, Nathaniel Hawthorne. Humo alisema kisa cha namna hii kisomeke kwa kikao kimoja, kati ya nusu saa na saa moja au mbili, na kila neno tangu sentensi ya kwanza livute upande mmoja, kuelekea athari moja aliyoikusudia mwandishi. Saa moja au mbili ni safari ya kutoka Umoja hadi mjini siku ya mvua. Ukishakubali kwamba nafasi yako ni hiyo tu, utaona wazi kwamba aya nzima ya kuamka, kuoga na kwenda kazini imekula nauli bila gari kusogea. Chukua hadithi zako zote kumi na moja, uzibe aya ya kwanza ya kila moja kwa kiganja, uanzie ya pili. Naapa zaidi ya nusu hazitaikosa.

Sasa tuje kwa Jumanne.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimesimama palepale. Uliiweka mwishoni kama kisingizio cha kuchelewa kuandika, eti kazi haikupi nafasi ya kufikiri. Binti yangu, tangu Jumanne hufanyi kitu kingine ila kufikiri.

"Amelala." Kiswahili kimekupa bure neno ambalo lugha nyingine zingekuuzia ghali. Amelala nyumbani, ametoka zamu ya usiku. Amelala wadini siku ya tisa na bili inapanda. Amelala kwa maana tunayoiandika kwenye matangazo ya vifo. Amelala chakari, na mama ameona leo ndiyo nafasi yake ya kupata karo ya watoto. Wewe hukuuliza ni kulala kupi. Ulijua kwamba ukiuliza utajibiwa, na ukijibiwa itabidi ukatae. Basi ukanyamaza, ukahesabu noti. Hapo ndipo hadithi ilipo. Wale wahariri wangeiona hata wakiwa wamefumba macho.

Angalia ulichokifanya bila kujua. Katika sentensi tano hukunigusia jua lilikuwaje. Kuna kanuni, kuna pesa, kuna watu wawili pande mbili za kidirisha, kila mmoja na anachokihitaji, na kuna uamuzi unaoweza kumgharimu binamu yako kibanda. Tumaini hana hata kimoja kati ya hivyo.

Najua utakachotaka kukifanya nacho, maana nilikufunza mwenyewe. Utataka siku tatu baadaye upite karibu na hema la matanga, uione picha ya marehemu, udukuduku ukupande, kumbe ni yule! Kisha mjane akutambue, akukumbatie, na wema usioze. Usithubutu. Na usinizushie kwamba ilikuwa ndoto.

Ningekuwa wewe ningeamua mambo machache kabla ya kuandika neno. Nani anasimulia? Ukimpa mama usukani, yeye anajua ni kulala kupi, na utalazimika kumfanya alifiche jambo analolijua, ujanja ambao wasomaji huunusa. Ukimpa mteja aliye nyuma yake kwenye foleni, aliyekuja na 200 zake na anasikia nusu ya mazungumzo, unapata kitu cha kuvutia lakini kigumu. Wewe wa kidirishani ndiye unayejua kidogo na kuogopa sana, na mimi huyo ndiye ningemchukua. Kisha muda: dakika kumi, usitoke kibandani. Najua vibanda hivyo, wavu mbele, kitundu cha kupitishia pesa, kutwa nzima unaona mikono ya watu kuliko nyuso zao. Mikono yake ilikuwaje? Ilikuwa na unga? Ilikuwa na ile bangili ya karatasi ya hospitali? Kwa nini 3,000 kamili? Anayefuta akaunti hutoa mpaka senti ya mwisho, anayeiba kwa aibu huacha kidogo. Yeye anajua salio lililobaki, wewe hulijui, na msomaji asilijue.

Kitu kama hiki:

"Jina lililoingia lilikuwa la mwanamume. Nikatazama kitambulisho, kisha nikautazama mkono uliokileta.

'Mwenye simu yuko wapi, mama?'

'Amelala.'

Foleni ilikuwa ya watu wanne. Wa pili akakohoa."

Si maajabu, na wewe utanishinda kwa sababu ulikuwapo. Linganisha tu na ule mwanzo wa jua na ndege, uone ni wapi ungeendelea kusoma.

Hapo kati ndipo pa kukaa. Ule muda kati ya "Amelala" na droo kufunguka, huenda ulikuwa sekunde ishirini, lakini ni kurasa mbili za hadithi. Ulifikiria nini? Binamu yako? Simu ya nani mwingine uliyowahi kuitumia bila ruhusa? Ukisita hapo, msomaji atasita nawe. Hayo mengine yote, jinsi ulivyopata kazi, kibanda kina muda gani, mtaa ukoje, yapite mbio au yasije kabisa. Mwisho wake siujui, na nadhani usiutafute sasa. Andika mpaka noti zifike upande wa pili wa kidirisha, uone kama mkono wako unataka kuendelea.

Ila kuna tahadhari mbili. Huyo mama hakukupa kisa, alikuja kutoa pesa. Ubadilishe kiasi, umbadilishe umri, uuhamishe mtaa, ikibidi awe kijana aliyeshika simu ya babake. Kinachokuuma wewe hakitapotea kwa mabadiliko hayo. Majina na namba za wateja zisiingie hata kwenye rasimu. Ya pili iko nje ya hadithi: mwambie binamu yako leo, kabla mwenye simu au ndugu zake hawajaja kuuliza. Kama ulifanya vyema au vibaya, hilo sikuamulii, na hadithi nayo usiilazimishe ikuamulie.

Kuhusu Sheng. Umoja hakuna anayesema "Je, mwenye simu hii yuko wapi kwa sasa?" Ukiandika hivyo unatuvalisha wote suti. Masimulizi yako yaache katika Kiswahili chako cha kawaida, na watu waongee wanavyoongea. Mama wa miaka 50 haongei kama kijana wa bodaboda, na wewe mwenyewe huongei na mama huyo unavyoongea na huyo kijana. Chagua maneno yaliyokomaa. "Mbao" na "soo" nimezisikia tangu ujana wangu na bado zinanunua vitu, wakati kuna maneno niliyojifunza kwa wajukuu mwaka juzi ambayo leo wananicheka nikiyatamka. Na usieleze maana. Msomaji wa Tanga au wa Lamu ataelewa kutokana na kinachotendeka, na asipoelewa neno moja hatakufa. Wakija wa kukwambia Kiswahili cha Nairobi si Kiswahili, wapokee kwa heshima uendelee kuandika.

Kiingereza nacho. Rafiki yako hajakosea kabisa. Tuzo ya Caine, iliyoanza kutolewa mwaka 2000, ni ya hadithi fupi zilizochapishwa kwa Kiingereza, ziwe zimeandikwa hivyo au zimetafsiriwa, na urefu wake ni maneno 3,000 hadi 10,000. Wakenya wameshaichukua mara tano: Binyavanga Wainaina 2002, Yvonne Adhiambo Owuor 2003, Okwiri Oduor 2014, Makena Onjerika 2018 na Idza Luhumyo 2022. Kiswahili nacho kina tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Kwa hivyo "zote" si zote. Lakini swali lenyewe siyo tuzo. Mama huyo alisema "amelala", na kwa Kiingereza ungelazimika kuchagua yuko hai au amekufa, au utumie neno lenye harufu ya kanisani. Hadithi hii imekuja kwa Kiswahili, iandike ilivyokuja. Kama itakuwa nzuri, watafsiri wapo. Mwaka 2016 jarida la Jalada, ambalo mizizi yake iko papa hapa Nairobi, lilichukua hadithi fupi ya Ngũgĩ wa Thiong'o aliyoiandika kwa Kikuyu likaitoa katika makumi ya lugha.

Nimemtaja Binyavanga, na kuna jambo lake linalokuhusu. Baada ya ushindi wa 2002 yeye na wenzake walianzisha jarida lao hapa Nairobi, Kwani?, mwaka 2003. Hadithi ya Owuor iliyoshinda mwaka huohuo ilichapishwa na Kwani?, jarida lililokuwa bado kwenye nepi. Watu walikuwa wanasomeana na kubishana, na kazi ikaiva. Wewe unaandika peke yako saa nane mchana na kutuma moja kwa moja kwa wageni. Tafuta wawili tu wa kusomeana nao. Wasiwe wa kukusifu, na wasiwe walimu wa Kiswahili. Wasomee kwa sauti, ukimtazama mtu usoni. Pale macho yake yanapoteremka kwenye simu, tia alama, usimuulize sababu.

Hizo 4,500 zimeenda, zisindikize kwa amani. Yule mwalimu wa WhatsApp alikuuzia kurasa kumi na mbili za ugonjwa uliokwenda kumwona nao. Cheti weka.

Badala yake, nyumbani kwenu bila shaka kuna ile diwani ya hadithi fupi mliyotahiniwa sekondari. Itoe, uisome upya, na safari hii bila mwongozo. Wengi wetu tulisoma mwongozo tukaacha kitabu, tukatoka tunajua dhamira za hadithi ambazo hatukuzisoma. Chagua moja tu. Isome mpaka uichoke, kisha uihesabu kama fundi anayefungua redio: inachukua siku ngapi, wanaongea watu wangapi, mtu wa kwanza anafungua kinywa mstari wa ngapi, ni kitu gani ambacho kila mtu humo anakijua na hakuna anayekisema. Ukurasa wa kwanza uunakili kwa mkono. Mkono utakufundisha mahali mwandishi alipokata. Vitabu vikikuishia, matatu zenu zikipita Jogoo Road uko karibu na maktaba za Kaloleni na Makadara, ambazo ni matawi ya ile McMillan ya Banda Street yenye simba wawili wa mawe mlangoni, iliyofunguliwa 1931. Jumapili yako ya nusu siku huenda isikufae kwa hilo, basi mpange binamu akupe asubuhi moja ya katikati ya juma.

Usiache kazi ili uandike, na usiache kuandika kwa sababu ya kazi. Grace Ogot alikuwa muuguzi na mkunga kabla hajajulikana kwa hadithi zake. Fikiria aliyoyasikia kitandani mwa wazazi saa tisa usiku. Wewe umewekwa kwenye kidirisha ambapo kutwa nzima watu wanakuja na pesa zao, aibu zao na uongo wao mdogomdogo, na unalipwa kukaa hapo. Mimi nilikaa na rundo la insha.

Ikiwa tayari nitumie, nitaisoma. Nitaweka kalamu nyekundu mbali. Lakini kuna kitu kimenikera tangu nilipoisoma barua yako. Vibanda ninavyovijua, mteja akitoa pesa huandikishwa daftarini na kutia sahihi. Huyo mama alipoinama kuandika, aliandika jina la nani?